Uliza Anti wa Kazi: "Bosi wangu hafoki, ila ofisi nzima tunamuogopa"

Mbukwenyi wasomaji wangu wa Dodoma, Manyoni, Singida, Kongwa na kote vumbi letu linakofika. Mwezi huu barua zimekuwa nyingi na karibu zote zinauliza kitu kimoja kwa njia tofauti, yani nitajuaje kama huyu bosi ni mkali tu au ni mtu anayeniharibu mimi na kazi yenyewe. Nimechagua sita. Majina nimetoa, ya watu na ya ofisi, na sehemu zingine nimezichezea kidogo ili mtu asije akatafutwa kesho kutwa.

*Shikamoo Anti. Mimi ni dada wa miaka 29, nafanya uhasibu kwenye kampuni binafsi huku Area D, sasa ni mwaka wa pili. Bosi wetu ni mama mstaarabu kweli, hajawahi kumtukana mtu, bethidei yako analeta keki, anatuita wanangu na kila mitingi anasema sisi hapa ni familia. Lakini Anti, Jumapili jioni tumbo linaanza kuniuma. Maagizo yote anatoa kwa simu, hata ukimwandikia wasap yeye anapiga, halafu mambo yakiharibika anakuangalia kwa upole mbele za watu anasema "mwanangu, mbona hatukukubaliana hivyo". Ukimuuliza swali hakujibu vibaya, ila wiki inayofuata unajikuta umetolewa kwenye grupu la projekti. Kuna kaka mmoja ndo sikio lake, ukiongea kitu saa saba wakati wa kula, saa nane mama anajua. Juzi kaniambia nisaini vocha ya malipo risiti zitakuja baadaye, nikasita, akatabasamu akasema "kumbe huniamini". Nikasaini. Kabla yangu wahasibu watatu wameshaondoka. Mume wangu anasema nina bahati maana yeye bosi wake anamfokea mbele ya wateja. Je mimi ni mtu wa kulalamika tu?*

Marahaba mwanangu. (Na mimi nimekuita mwanangu, ila usishtuke, mimi sikulipi mshahara.)

Mumeo anapima bosi kwa sauti, na sio yeye peke yake, nchi nzima tunapima hivyo. Bosi anayefoka ndo mbaya, anayeongea taratibu ndo mzuri. Nimekaa ofisi za utumishi miaka mingi na nakwambia kipimo hicho kinadanganya pande zote mbili. Nimewahi kuwa chini ya mzee mmoja akikurushia ripoti mezani unatamani ardhi ipasuke, lakini mzee huyohuyo mkurugenzi akiuliza nani kakosea anajibu "nimekosea mimi, nitarekebisha", na ovataimu yako anaisaini bila kukuzungusha. Simtetei kwa kufoka, na kumfokea mtu mbele ya wateja ni dharau, mumeo nae asizoee. Nachosema ni kwamba sauti haikuambii kitu unachotaka kujua.

Wewe angalia hivi, habari mbaya ikizaliwa hapo ofisini kwenu inafika wapi? Mtu akisema "mama, hii hesabu haikai sawa", nini kinampata aliyesema? Hesabu inaangaliwa, au anaangaliwa yeye? Hapo ndo pa kupimia, na kwa barua yako jibu lipo wazi, anayeuliza anatolewa kwenye grupu. Hajapewa barua ya onyo, hajaitwa kujieleza, ameondolewa tu kimyakimya na adhabu ya namna hiyo huwezi hata kuikatia rufaa maana rasmi haipo. Wenzako waliobaki wanaona, wanajifunza, na baada ya miezi sita mama hana tena haja ya kumtoa mtu, watu wanajinyamazisha wenyewe. Halafu anasema ofisi yangu ina amani.

Kuna mtafiti wa Marekani anaitwa Bennett Tepper, mwaka 2000 alitengeneza dodoso la vipengele 15 la kupima mabosi wanaonyanyasa walio chini yao, na ndani yake sio kufoka na matusi peke yake, kuna kununiwa, kuna kudanganywa, kuna kunyimwa sifa ya kazi uliyoifanya wewe. Kugusana hakumo kabisa. Na aliweka sharti moja ambalo napenda nilisisitize maana wengine mnaniandikia bosi kanijibu vibaya jana, ni lazima iwe tabia inayoendelea, siku moja mbaya haihesabiki. Kwako inaendelea, na wahasibu watatu hawaondoki sehemu nzuri kwa bahati mbaya.

Sasa huyo kaka sikio. Watafiti wengine watatu, Padilla, Hogan na Kaiser, mwaka 2007 waliandika kwamba kiongozi mharibifu hafanyi kazi peke yake, inakuwa ni pembetatu, kuna yeye, kuna wafuasi, na kuna mazingira yanayomruhusu. Wafuasi wakawagawa mafungu mawili, wapo wanaonyamaza kwa sababu ya hofu na shida zao, na wapo wanaoshirikiana nae kwa sababu wanafaidika. Kaka sikio unamjua yuko fungu gani. Ila uliposaini ile vocha ulikuwa fungu la kwanza, na sikulaumu hata kidogo, kodi ya Area D naijua na kazi za uhasibu hazidondoki njiani. Mazingira ndo hayo, kazi adimu, kampuni ndogo, huenda hata bodi haina na hakuna mtu juu yake wa kumuuliza. Jiulize hilo maana ndo linaamua kama kuna pa kushtaki au la. Kama yupo mtu juu yake, kuna pa kuanzia. Kama mama ndo mwanzo na ndo mwisho basi usipoteze nguvu kumbadilisha, jilinde na utafute kazi kimyakimya.

Kujilinda kwenyewe ni hivi. Akishakata simu, mwandikie imeili fupi yenye adabu, "Mama, kwa kumbukumbu tu, leo umenielekeza niandae malipo haya, risiti tutazipata kufikia Ijumaa, kama nimeelewa vibaya naomba unirekebishe". Hiyo sio vita, ni kazi ya kawaida ya mhasibu. Asipojibu, imeili ipo. Akikasirika kwa sababu umeandika alichokisema mwenyewe, nawe umepata jibu la swali lako. Weka na kadaftari chako, tarehe, nani alikuwepo, kilisemwa nini, ila usibebe nyaraka za siri za kampuni ukaenda nazo nyumbani, utampa sababu ya kukufukuza kihalali kabisa. Na vocha isiyo na risiti usisaini tena, hata akitabasamu vipi. Siku wakaguzi wakija watakuta saini yako, simu yake hawataikuta, na kama umesajiliwa NBAA, ile bodi ya wahasibu na wakaguzi, wewe ndo utakaejieleza kwao. Ile uliyosaini juzi anza nayo leo, mwandikie umuulizie risiti zake.

*Anti mambo, mimi ni mhudumu wa hoteli moja karibu na Majengo. Glasi ikivunjika wanakatwa wahudumu wote wa zamu hata kama hujui nani kavunja, mwezi uliopita nimekatwa karibu nusu ya mshahara. Nikiuliza naambiwa kama hutaki mlango uko wazi. Mkataba sina, tuliongea tu kwa mdomo. Tunaingia saa mbili asubuhi tunatoka saa nne usiku.*

Poa mdogo wangu. Hapa sina haja ya kuchambua tabia ya mtu, sheria yenyewe imeshasema.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaruhusu kukatwa kwa ajili ya kitu ulichoharibu pale tu ambapo kosa ni lako, umeelezwa kwa maandishi kwanini unakatwa na kiasi gani, umepewa nafasi ya kupinga, na umekubali kwa maandishi. Na jumla ya makato hayo isizidi robo ya mshahara wako. Kwahiyo nusu mshahara haipo, na kumkata mtu kwa glasi asiyoivunja ndo kabisa haipo. Masaa nayo ya kawaida mwisho ni 45 kwa wiki na 9 kwa siku, ovataimu inakuwa kwa makubaliano na inalipwa mara moja na nusu, na hata ukiweka ovataimu siku yako ya kazi haitakiwi kuzidi masaa 12. Nyie mnapiga 14.

Halafu hiyo ya kutokuwa na mkataba wengi mnadhani inawaumiza nyie. Mwajiri ndo anatakiwa akupe maelezo ya kazi yako kwa maandishi, na mkifikishana kwenye shauri akashindwa kuyaonyesha, mzigo wa kuthibitisha mlikubaliana nini unamuangukia yeye. Usiende kumtupia hilo usoni kesho asubuhi lakini. Ongea na wenzako wawili watatu mnaoaminiana, nendeni CHODAWU, ndo chama cha watu wa mahotelini, mwende kama kundi. Mmoja akienda peke yake anaonyeshwa huo mlango.

*Habari yako dada. Nina miaka 44, mtumishi wa umma, nilihamia Dodoma kutoka Dar na familia imebaki Mbagala. Ofisi iko Mtumba, mimi nakaa Nkuhungu. Mkuu wangu kila kitu kwake ni cha haraka. Anatuweka mpaka saa tatu usiku, ananipigia saa sita usiku nimtumie dokezo, nalala sina, kesho dokezo linakaa mezani kwake wiki nzima. Ijumaa nikisema nawahi treni anatoa kazi saa kumi. Likizo ameniahirishia mara mbili. Nikijieleza ananiambia atanihamishia wilaya ambayo hata mtandao haushiki, na kwamba tathmini yangu iko mikononi mwake. Wenzangu wananiambia ndo serikali ilivyo, mkubwa hakosei. Nivumilie?*

Salama kaka yangu, pole na barabara ya Mtumba usiku.

Kwanza tutenganishe. Bunge la bajeti likianza Aprili mpaka mwisho wa Juni hapa mjini hakuna anaelala vizuri, majibu ya waheshimiwa yanatakiwa asubuhi na swali limekuja jioni, hiyo ni haraka ya kweli na mkuu wako hata angekuwa malaika angekuweka ofisini. Kiongozi wa kawaida, Julai ikifika anakwambia nenda kapumzike, likizo yako hii hapa. Mkuu wako haraka yake haina msimu na haina matokeo, dokezo la saa sita usiku linalala mezani kwake wiki. Kazi haikuwa inaisubiria hiyo karatasi, yeye alitaka kujua kama utaamka. Nisamehe kama nimesema vikali ila nimeona wengi wa hivyo, na ile ya treni ya Ijumaa ndo imenimaliza kabisa.

Kuhusu "ndo serikali ilivyo", waulize wenzako hiyo historia wameipata wapi. Mwaka 1971 TANU ilitoa Mwongozo wake, na ibara ya 15 ilimkataza kiongozi majivuno, dharau na uonevu kwa anaowaongoza. Wafanyakazi wa viwanda Dar es Salaam miaka ile waliishika ile ibara kisawasawa, kuna viwanda waliwafungia milango nje mameneja waliokuwa wanawatukana. Sikutumi ukafunge lango la Mtumba. Nakukumbusha tu kwamba hii ya mkubwa hakosei haikuwa mila yetu, tumejizoesha.

Cha kufanya, likizo omba kwa maandishi kupitia mfumo rasmi, kila mara, na ikikataliwa omba sababu kwa maandishi pia, maana siku 28 kwa mwaka ni haki yako, yeye anaweza kupanga lini lakini hawezi kuifuta. Kwenye PEPMIS, ule mfumo wa kupima utendaji wa watumishi, jaza kazi zako zote kwa wakati, usimwachie nafasi ya kusema hukufanya, na tathmini yako ukiona haifanani na ulichofanya usiikubali kimya, iandikie hoja zako. Vitisho vya uhamisho viandike tarehe na maneno yake kama yalivyo. Halafu pitia ngazi za ndani kwanza, mkuu wa utawala na rasilimali watu, katibu mkuu, na chama cha wafanyakazi kama TUGHE. Mtumishi wa umma sheria inamtaka amalize njia za ndani ya utumishi kabla ya kukimbilia njia za sheria za kazi, na ikifika hatua ya kuadhibiwa kinidhamu kuna rufaa Tume ya Utumishi wa Umma. Najua utasema ngazi za ndani ni marafiki zake. Inawezekana. Ila usipozipitia, huko mbele utarudishwa kuanza upya.

Na simu saa sita usiku izime kaka. Dokezo mtumie saa moja na nusu asubuhi ukiwa umeshalala vya kutosha.

*Anti shikamoo. Nilikuwa dereva wa lori la kampuni miaka minne, tunapiga Dodoma Manyoni Singida mpaka Mwanza. Niliripoti breki mara tatu kwa fundi na kwa meneja. Meneja akaniambia wewe ni mwoga, wenzako wanaendesha hilohilo. Ripoti ya mwisho aliichana mbele yangu akasema endesha au acha funguo. Nikaacha funguo, nikaandika barua ya kuacha kazi siku ileile. Sasa wiki ya tatu. Watu wananiambia sina haki yoyote kwasababu nimeacha mwenyewe.*

Marahaba, na kwanza umefanya vizuri kuacha funguo, mke wako hakusomi kwenye habari.

Barua yako ilistahili kuruka foleni ikae huku juu kabisa, ila kwakuwa gazeti linachukua siku kufika, nimeshakujibu pembeni kwa simu na hapa nawaandikia na wengine. Sheria inatambua kwamba mtu anaweza kuandika barua ya kuacha kazi na bado ikahesabika ni mwajiri amemuachisha, pale mwajiri alipofanya kuendelea na kazi kuwe hakuvumiliki. Kanuni za 2007 zinatoa mifano, mmojawapo ni unyanyasaji wa kingono au mwajiri kushindwa kukulinda nao, na mwingine ni mfanyakazi aliyetendewa isivyo haki baada ya kutumia njia zilizopo za kulalamika, isipokuwa kama alikuwa na sababu nzuri ya kutozitumia. Wewe uliripoti mara tatu. Ile karatasi ilichanwa, lakini fundi yupo, na madereva wengine wapo.

Shida ni siku. Madai ya kuachishwa kazi isivyo halali yanapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, wengi mnaiita CMA, ndani ya siku 30 tangu ajira ilipokoma. Madai mengine ni siku 60. Ukichelewa inabidi uombe kwanza uongezewe muda kwa sababu za maana, na "nilikuwa sijui" huwa haiwaingii. Unajaza fomu CMA F1, hulipii kitu, nakala moja unampelekea mwajiri na unabaki na ushahidi kwamba ameipokea, ndo unaifungua. Kwanza ni usuluhishi, mnakaa meza moja mnajaribu kuelewana, ikishindikana inakwenda kwenye uamuzi. Wewe una miaka minne kazini, mwenye chini ya miezi sita mlango huu haumhusu.

Kwa wengine mnaosoma, msiichukue barua hii kama ruhusa ya kuandika barua za hasira. Kuthibitisha kwamba ulilazimika kuacha ni kazi, na mzigo unakuangukia wewe. Kabla hujaandika barua pita CMA au chama chako wakusikilize.

Ila nirudi kwa huyo meneja, maana ndo ninachokisema toka juu. Aliletewa habari mbaya mara tatu na mtu anaekaa kwenye usukani, na kitu alichokiona kibovu ni mtu, sio breki. Huyo hahitaji kuwa na matusi wala roho mbaya, anaweza kuwa hata mtu wa ibada. Mteremko wa Sekenke haujali.

*Anti samahani niko field kwenye ofisi moja hapa mjini. Supavaiza wangu anasema logibuku yangu atasaini nikienda kumuona Ijumaa jioni gesti moja Ilazo. Anasema ni kuongea tu.*

Usiende. Sio kuongea.

Meseji zake usifute hata moja, na usimjibu kwa matusi wala kwa utani, mjibu "naomba tuonane ofisini saa za kazi" uishie hapo. Mwambie leo mratibu wa field wa chuo chenu, na ukiona mratibu anazunguka nenda dawati la jinsia la chuo. Kutumia madaraka kudai ngono ni kosa la rushwa chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007, na TAKUKURU unawapigia 113 bure, na makao makuu yao yapo hapahapa Dodoma. Wapigie kabla ya Ijumaa sio baada. Logibuku inaweza kusainiwa na mtu mwingine, hiyo chuo watalimaliza. Niandikie tena nijue umefikia wapi.

*Anti habari. Mimi ni supavaiza wa zamu kiwanda cha kukamua alizeti huku Singida, nimepandishwa mwaka jana, kabla ya hapo nilikuwa napakia mashudu na hawahawa jamaa. Siku hizi nikiingia wananyamaza. Mmoja alilewa akaniambia nimekuwa mungu mtu. Ukweli kuna kijana asubuhi kwenye paredi alisema mbele ya wote chujio limechoka mafuta yanatoka na uchafu, nikaona ananivunjia heshima nikampeleka zamu ya usiku. Wiki mbili mbele mteja akarudisha madumu. Juu yangu meneja ananibana idadi ya madumu kila siku, hataki kusikia mashine imesimama. Je ndo nimekuwa wale mabosi unaowasema?*

Habari nzuri mwanangu. Kwa yule kijana, ndio umekuwa.

Sasa usianze kujipiga kifua, nisikilize. Wewe uko katikati, meneja hataki kusikia mashine imesimama, kwahiyo na wewe hutaki kusikia chujio limechoka, na jamaa chini wameshaelewa kwamba humu ndani mashine haiharibiki, wanaoharibika ni watu. Ndo inavyoshuka. Kule juu inaanza kama idadi ya madumu, ikifika chini imekuwa zamu ya usiku. Na mteja akirudisha mzigo hasara ni ya kiwanda chote, na meneja atakuuliza wewe, wakati ulikuwa na mtu aliyekuambia wiki mbili kabla tena bure.

Kunyamaza kwao ukiingia kusikupe shida sana, supavaiza hata akiwa mzuri stori zinakatika akiingia, wewe sio mwenzao tena kwenye mashudu na hilo likubali tu. Cha kukupa shida ni wakinyamaza na kuhusu mashine. Jipime kwa hilo, mara ya mwisho mtu wa zamu yako amekuambia kitu hukutaka kukisikia ilikuwa lini? Kama ni yule kijana na baada yake hakuna mwingine, basi sio kwamba matatizo yameisha.

Wengi mkishajua mmekosea mnamuita mtu pembeni, "dogo yaishe", na soda juu. Haitoshi. Ulimuadhibu mbele ya watu, wote waliona, kwahiyo kumrudisha kuwe mbele ya watu pia. Jumatatu kwenye paredi sema kwamba kijana alisema chujio limechoka, na lilikuwa limechoka kweli, na kuanzia leo anarudi zamu yake. Usiongeze hotuba. Usiseme mlango wangu uko wazi, hakuna anaeamini hiyo sentensi. Na wale waliofanya kazi usiku hakikisha nyongeza yao ya asilimia 5 ya masaa ya usiku imeingia kwenye mshahara, yake ikiwemo, maana nahisi mlipomuadhibu mlisahau hilo.

Halafu kwa meneja nenda na karatasi, sio na mdomo. Madumu yaliyorudi ni mangapi, yametugharimu kiasi gani, chujio jipya ni bei gani, kubadilisha kunasimamisha mashine masaa mangapi. Weka namba mbili juu ya karatasi moja, hasara ya kusimama na hasara ya kurudishiwa mzigo. Meneja wa idadi anasikia idadi. Na nakala weka, kwasababu akikataa na mafuta yakirudi tena, atauliza kwanini hakuambiwa.